Vifaa Vikuukuu vya Kambi Katika Nyumba ya Shamba: Tathmini Kutoka Konde, Pemba

Vifaa ninavyovitathmini hapa vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaokwenda kulala porini kwa starehe: hema zito la turubai la pamba, chungu cha chuma chenye miguu mitatu, karabai ya pampu, jiko dogo la spiriti, chupa za chai za chuma, vitanda vya kukunja, sanduku la barafu na vyombo vingine vidogo vidogo vinavyofuatana na safari za namna hiyo. Vyote viliingia Zanzibar vikiwa vimeshatumika, ndani ya makontena ya mitumba, na nilivinunua Unguja, vingi katika duka moja la vyombo vilivyotumika upande wa Mwanakwerekwe na vichache mitaani, kisha nikavivusha kwa meli hadi Mkoani na kwa gari hadi nyumbani kwetu shamba, nje kidogo ya Konde. Sivitumii kwa kusafiri. Vimo ndani ya nyumba na uani, na ndivyo tunavyopikia, tunavyomulikia na tunavyolazia wageni kaskazi na kusi, masika na vuli, kwa hiyo ninayoyaeleza ni yale yaliyoonekana baada ya vifaa hivyo kukaa katika hewa ya Pemba kwa muda wa kutosha kujulikana tabia zao.

Watu wa mjini huuliza kwa nini mwenye nyumba ya kudumu ajitafutie vyombo vya kambi. Sababu imo katika maisha yetu ya shamba. Nyumba ya kijijini hutumika zaidi kwa kulala na kuweka mali. Shughuli nyingine zote hufanyika barazani, uani na chini ya miembe, ambako watu hupika, hula, husuka ukili, huchambua karafuu na kupokea wageni. Chombo kilichotengenezwa kitumike nje, kihimili upepo, kisha kikunjwe na kuwekwa kando kazi ikimalizika, huingia katika maisha hayo bila ya kulazimishwa. Tena kulala nje kwa ajili ya kazi si jambo geni kwetu: wavuvi wa Kojani hupiga dago mbali na kwao kwa muda mrefu, na msimu wa karafuu unapoanza vibanda vya makuti hujengwa mashambani. Umeme nao Pemba inaupata kutoka Tanga tangu mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na umetunufaisha sana. Lakini nguzo hufuata barabara, na ziko nyumba ndani ya mikarafuu ambazo bado humulikwa kwa sola ndogo au kandili. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokuwa gizani kwa kuharibika kwa njia ya umeme inayotoka Bara, hawahitaji kuelezwa thamani ya taa na jiko visivyotegemea waya.

Mwamuzi wa kwanza wa vifaa hivi ni hewa. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, bahari haiko mbali na kijiji chochote, na chumvi inayobebwa na upepo hufika hata pale ambapo mawimbi hayasikiki. Kwa sababu hiyo ninapokitazama kifaa kilichotumika, jina la kampuni nalitazama baadaye; kwanza nauliza kimetengenezwa kwa mali gani. Hema za kisasa za nailoni na poliesta hupakwa utandu mwembamba wa poliyurethani ili zisipenye maji, na utandu huo huvunjwa taratibu na unyevu na joto, hata hema likiwa limekunjwa tu ndani ya sanduku. Kitambaa huanza kunata, hutoa harufu mbaya, kisha utandu huambuka vipande vipande, na hakuna ufundi utakaourudisha. Jua nalo hulegeza nyuzi za nailoni mpaka zikachanika kwa kuvutwa kidogo. Kinyume chake, chuma kizito, shaba, pamba nene, ngozi na chuma cha pua vina maradhi yanayojulikana na dawa zinazojulikana: kutu husuguliwa, ngozi hutiwa mafuta, pamba huanikwa. Kwa kipimo hicho, vile vifaa vizito vya zamani ambavyo msafiri wa leo anavikataa kwa uzito wake ndivyo vinavyotufaa zaidi sisi, kwa kuwa hatuvibebi mgongoni.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni chungu cha chuma. Ni chungu cha chuma cha kusubu, kizito kiasi cha kuhitaji mikono miwili, chenye mshikio wa waya mnene wa kukining'iniza, miguu mitatu mifupi chini, na mfuniko bapa uliozungukwa na ukingo ulioinuka. Miguu ile hukiwezesha kusimama juu ya makaa bila ya mafiga wala jiko, na ukingo wa mfuniko umewekwa makusudi ili makaa yakae juu yake yasiteremke. Kila aliyekulia katika jiko la Kizanzibari anajua tunavyopalia makaa juu ya sufuria ya wali, ya pilau au ya mkate. Anajua pia tabu ya kufanya hivyo kwa sinia au kipande cha bati, kwani ukikiinua kutazama chakula, majivu humwagikia ndani.

Nilikijaribu kwa mkate wa kumimina, na nadhani hicho ndicho kipimo cha haki, kwa sababu mkate huo hauna huruma na moto usiolingana. Mchele ulirowekwa usiku, ukasagwa na tui zito la nazi, hamira na iliki, ukatiwa sukari na ute wa yai, ukaachwa uumuke mpaka uso wake ukajaa mapovu. Chungu kilipashwa moto kwanza, kikapakwa samli, ndipo unga ukamiminwa. Chini niliacha makaa machache yaliyokwisha kupungua ukali, na uso ulipoanza kushika nikafunika na kupalia makaa mengi juu. Chuma kinene hugawa moto polepole na kwa usawa, kwa hiyo mkate haukuungua katikati na kubaki mbichi pembeni, jambo linalotokea mara nyingi katika sufuria nyembamba. Tulipoinua mfuniko kwa kulabu, uso ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea sawasawa mpaka ukingoni, matundu madogo yamejipanga, na hapakuwa na chembe ya jivu. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hasifu chombo kipya, alikigonga kwa kijiko, akasema, "Hiki kiacheni hapa hapa jikoni, kisirudi stoo." Tangu hapo hakijarudi.

Kina masharti yake. Hakipendi kulazwa na maji wala sabuni nyingi. Baada ya kuoshwa hukaushwa juu ya moto na kupakwa mafuta ya kupikia mepesi kikiwa kingali na joto, na tabaka hizo za mafuta zikijipanga huwa nyeusi, laini, na chakula hakishiki. Mchuzi wa ukwaju au wa ndimu unaweza kupikwa humo haraka, lakini usilale humo, kwa sababu ukali wake hula tabaka la mafuta na kukipa chakula ladha ya chuma. Maji baridi yasimwagwe ndani kikiwa cha moto, kwani chuma cha kusubu hupasuka. Anayetaka kununua akining'inize kwa mshikio wake, akigonge kwa ufunguo au sarafu: kizima hulia kwa sauti ndefu, chenye ufa hutoa sauti fupi iliyofifia. Kutu isimtishe mtu. Changu kilikuwa chekundu chote dukani, kikasuguliwa kwa mchanga na kumbi la nazi, kikapakwa mafuta na kuchomwa juu ya moto mkubwa mpaka kikarudi katika weusi wake.

Karabai ni habari ya pili, na inahitaji maelezo marefu kwa sababu ndani yake mna uzuri na hatari pamoja. Taa hizi za pampu zimejulikana pwani yetu kwa miaka mingi. Wavuvi wa dagaa walizitegemea kabla ya taa za betri kuenea, na katika harusi na maulidi ya zamani ndizo zilizomulika uwanja mzima. Nyingi ni za mtindo wa Petromax, uliobuniwa Berlin na Max Graetz mwanzoni mwa karne ya 20. Mafuta ya taa yaliyomo katika tangi la shaba husukumwa na hewa ya pampu, hupanda katika mrija ambao kwanza umepashwa moto kwa spiriti kidogo inayowashwa katika kikombe chake, yakageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka ndani ya kile kifuko cha kitambaa kinachong'aa kwa weupe. Kifuko chenyewe ni ugunduzi wa Carl Auer von Welsbach wa mwaka 1885, na mwanga wake hauna mfano katika taa za utambi.

Niliyonunua ilikuwa haipokei pampu hata kidogo. Nilimpelekea fundi wa Chake Chake aliyezoea taa za wavuvi, akaifungua mbele yangu, akaitoa washa ya ngozi iliyoko mwisho wa kijiti cha pampu, ikiwa ngumu na imesinyaa, akaniambia, "Maalim, pampu nzima hii. Iloweke ngozi hii katika mafuta usiku kucha, uitanue kwa vidole, uirudishe." Nikafanya hivyo, na taa ikashika pumzi. Alinisafishia pia tundu dogo la mvuke kwa sindano yake, kwa sababu tundu hilo likiziba kwa masizi, taa hutoa moto mwekundu na moshi badala ya mwanga.

Kazi yake kubwa nyumbani kwetu ni usiku wa kuchambua karafuu. Mchana watu wako juu ya miti. Baada ya sala ya Isha familia na majirani hukaa juu ya majamvi, kila mmoja na fungu lake, wakitenganisha karafuu na makonyo kwa kuvisugua vishada katika kiganja. Ni kazi ya vidole na macho. Kwa mwanga wa kandili, makonyo mengi hupita katika karafuu bila ya kuonekana, na mzigo wenye makonyo mengi hushusha daraja. Karabai moja ikitundikwa katika tawi la mwembe huwatosha watu wote waliokaa kwa duara, wakubwa kwa watoto, na hakuna anayelazimika kuinama mpaka mgongo ukauma. Mvumo wake hauzuii hadithi. Kwa kazi hiyo siijui taa nyingine niliyoitumia inayoishinda.

Hata hivyo sitamshauri mtu aifanye taa yake ya kila usiku. Inakula mafuta ya taa, inatoa joto jingi, huvuta kumbikumbi wote mvua za kwanza zinaponyesha, na mtoto akiigusa ataungua vibaya. Isiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu moto wowote wa namna hii hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Tangi la mafuta ya taa lisitiwe petroli kwa hali yoyote. Na vifuko vya zamani vinavyouzwa pamoja na taa kuukuu vyafaa kuachwa: vingi vilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi, na majivu yake hayafai kuvutwa puani, viko vipya visivyo na madini hayo. Kwa kusoma, kwa kupikia daku na kwa kwenda uani usiku, taa ndogo ya sola inatosha na ni salama zaidi.

Hema lilinunuliwa kwa mashaka na sasa linaazimwa na nusu ya kijiji. Ni la pamba nene, la milingoti miwili, na uzito wake ni mzigo wa watu wawili. Pamba ikilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba nafasi zilizo baina yao, kwa hiyo hema zuri la pamba huzuia mvua bila ya utandu wowote, mradi limeloweshwa na kukaushwa mara kadhaa kabla ya kutegemewa, na mradi hakuna anayeegemea kitambaa kwa ndani wakati wa mvua. Tunalisimamisha chini ya mishokishoki siku za Idi na za harusi, wageni wanapozidi vyumba, na vijana hulala humo kwa furaha. Mchana hakukaliki ndani yake likiwa juani. Lazima liwekwe kivulini na pande zote mbili zifunguliwe upepo upite. Ila kubwa ya pamba ni ukungu. Hema likikunjwa na unyevu katika masika, siku chache zinatosha kulijaza madoa meusi yasiyotoka, na baadaye kitambaa huoza. Letu hukaa darini juu ya jiko la kuni, ambako moshi na joto havimpi ukungu nafasi. Linanuka moshi, na wageni wamezoea.

Kipande cha juu cha hema hilo, lile paa la pili linalotandwa juu ya hema lenyewe, kimepata kazi ambayo mtengenezaji wake hakuifikiria. Karafuu huanikwa kwa siku kadhaa juani juu ya majamvi, na adui yake ni mvua ya ghafla. Karafuu mbichi zikipata maji au zikirundikwa na unyevu huchacha zikawa mpeta, na bei yake huanguka. Turubai la plastiki huzifunika vizuri kwa saa moja, lakini likiachwa zaidi hutoa jasho kwa ndani, na karafuu zikalowa kwa jasho hilo. Turubai la pamba hupumua. Tunalikunjua wingu linapotanda upande wa bahari na tunaweza kuliacha mpaka asubuhi. Ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mkulima wa karafuu, ningemnunulia turubai hilo.

Jiko la spiriti nililonalo ni Trangia, kutoka Sweden, kampuni iliyoanza mwaka 1925 na ambayo jiko lake la kukinga upepo limekuwa likitengenezwa tangu 1951 kwa umbo ambalo halijabadilika sana. Kichomeo ni kikombe kidogo cha shaba kisicho na pampu wala kitu cha kuharibika, kikombe hicho hukaa ndani ya kinga ya alumini, na sufuria mbili, kikaango na birika hupangwa moja ndani ya nyingine mpaka vyote vikawa furushi moja. Upande wa chini wa kinga una matundu yanayoelekezwa kwenye upepo, na hapo ndipo ninapolipendea: siku za kusi, barazani kwetu jiko la gesi hupoteza nusu ya moto wake kwa upepo, lakini hili huzidi kuwaka. Lita moja ya maji huchemka kwa dakika kumi hivi. Linafaa kwa kahawa ya alfajiri, kwa chai ya mgeni mmoja, kwa uji wa mgonjwa. Halifai kupikia familia, na anayelinunua kwa nia hiyo atavunjika moyo. Spiriti huacha masizi chini ya sufuria. Ikitiwa maji kidogo, yasizidi sehemu moja ya kumi, masizi hupungua. La kuzingatia zaidi ni kwamba moto wa spiriti hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo kichomeo kisijazwe mpaka ihakikishwe kwamba kimezimika na kimepoa, na mfuniko wake wenye mpira usifungwe kikiwa cha moto.

Chupa za chai za chuma cha pua zimenipa faida kubwa kwa bei ndogo. Chupa ya namna hii ni kuta mbili zilizotolewa hewa baina yao, kama alivyobuni James Dewar mwaka 1892, na ikiwa nafasi hiyo haijaingia hewa, miaka ya matumizi haiipunguzii chochote. Kuijaribu ni rahisi: itiwe maji yanayochemka, ifungwe, isubiriwe kidogo, kisha iguswe ubavuni. Ikipata joto nje, imekufa na hairekebishiki. Mwenye duka mzuri hatakataa kuchemsha maji kwa ajili hiyo. Nyumbani kwetu chupa hizi huonyesha thamani yake katika mwezi wa Ramadhani. Baada ya tarawehe uji wa mchele hutiwa moja, chai ya tangawizi nyingine, na wakati wa daku hakuna anayelazimika kuwasha moto, jambo ambalo wanaopika katika nyumba zetu wanalijua uzito wake kuliko wanaoletewa. Choroko zilizochemshwa kidogo na kufungwa humo pamoja na maji ya moto hulainika usiku kucha na kuokoa kuni. Maharage mekundu yasifanywe hivyo, kwa kuwa yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sawasawa tu.

Vitanda vya kukunja na viti havina maelezo mengi: fremu ya alumini hudumu, fremu ya bomba la chuma huoza kwa ndani kutokana na chumvi hata kama rangi ya nje inang'aa, na kitambaa kikichakaa fundi cherehani yeyote atakibadilisha kwa turubai la bei rahisi. Chandarua hutundikwa juu yake kwa kamba mbili. Mifuko ya kulalia ya manyoya ya bata haina kazi hapa. Hunyonya unyevu, hugandana na kunuka, na hata usiku wa kipupwe shuka na kanga mbili zinatosha. Machela ya kulalia nayo ni raha kubwa adhuhuri, lakini mti wa kuifungia uchaguliwe kwa akili. Chini ya mnazi wenye nazi na chini ya mdoriani uliozaa si mahali pa mtu kulala.

Sanduku la barafu limebadilisha mlo wetu. Samaki tunamnunua Tumbe, kwenye soko ambalo wavuvi huleta asubuhi, na zamani ilikuwa lazima apikwe au akaangwe siku ile ile. Sasa hulazwa katika barafu ya bonge, ambayo hudumu kuliko iliyopondwa, na kesho yake bado ni mbichi. Samaki asiachwe aogelee katika maji ya barafu iliyoyeyuka. Yatolewe kwa tundu la chini kila mara. Anayenunua atazame mpira wa mfuniko na bawaba, kwa sababu ubavu hauna kasoro mara nyingi ila hewa hupenya hapo. Aingize kipande cha karatasi, afunge, akivute: kikitoka bila ya kushikwa, mpira umekwisha.

Kuna na dumu la maji lenye bomba chini, la lita ishirini, lililotengenezwa ili wasafiri wanawie mikono. Limewekwa juu ya kigoda karibu na baraza na wote wanalitumia kwa udhu. Maji hutoka kidogo kidogo, mkono mmoja haushughuliki na kata, na katika kaskazi, kisima kinapopungua, tofauti inaonekana. Mfuko mweusi wa kuogea, unaoachwa juani mpaka maji yakapata joto na kutundikwa juu ya kichwa, ulipendwa sana na wazee wakati wa kipupwe, lakini plastiki yake ilianza kupasuka mikunjoni kwa jua, na sitanunua mwingine uliotumika.

Duka lenyewe la Mwanakwerekwe lina mpangilio mbaya na watu wema. Vyombo vya kambi havina mahali pake; vimechanganywa na baiskeli, magodoro na friji, kwa hiyo mnunuzi lazima awe na subira ya kupekua na asione haya kuuliza kilicho chini ya kingine. Bei husemwa kwa kukisia, na kitu ambacho wauzaji hawakijui kazi yake huwa rahisi kupita kiasi au ghali bila ya sababu: chungu cha chuma waliniuzia kwa bei isiyofikia ya sufuria mpya ya ukubwa huo, ilhali kiti cha kukunja chenye nembo maarufu walikishikilia kwa bei ya kitanda. Walikubali hema likunjuliwe lote uwanjani, milingoti ihesabiwe na mishono itazamwe, na kijana mmoja wa dukani akakaa nami kutafuta vigingi vilivyopotea mpaka tukavipata ndani ya beseni la vijiko. Hawatoi risiti bila ya kuombwa na hawarudishi fedha, ila hubadilisha kwa kitu kingine cha bei hiyo, nao walinibadilishia taa iliyokuwa na tangi lililotoboka. Ubovu wa huduma yao uko katika ufungaji wa mizigo: chimni ya kioo ya karabai ilifungwa kwa gazeti moja tu, na kama si mchukuzi wa bandarini kuiona na kuizungushia kanga, isingefika Mkoani nzima. Anayetoka Pemba achukue magunia na kamba zake mwenyewe, na afike dukani asubuhi kontena jipya linapofunguliwa, maana wauza vyuma chakavu hufika mapema vilevile, na vyombo vya chuma kizito ndivyo vya mwanzo kuondoka.